Mjini na bi mkubwa: gari ya shemeji au daladala?

"Tunakaa Makunduchi, kusini mwa Unguja. Alhamisi ijayo mama mkwe wangu ana kliniki Mnazi Mmoja saa mbili asubuhi. Ana sukari na miguu inamvimba. Skuli zimefungwa, kwa hiyo tumeona twende sote, mimi, mume wangu na watoto wawili wa miaka 9 na 4. Tukitoka hospitali tupite Darajani kununua vitambaa na sufuria, na usiku watoto tumeshawaahidi vyakula vya Forodhani. Shemeji ametuazima gari yake ndogo. Mume wangu anasema gari ni nafuu kwa sababu gharama ni mafuta tu, na majirani wawili wameomba lifti, watachangia, watoto tutawapakata. Ila leseni anayo mwaka mmoja tu na mjini hajaendesha hata mara tatu. Mimi naona daladala ni salama zaidi, na hiyo gari hata pa kuiweka huko mjini hatupajui. Nani kati yetu ana haki?"

Dada yangu, umeuliza usafiri wa safari moja lakini mimi nimehesabu safari tatu. Kuna ya hospitali, yenye mgonjwa na saa maalumu. Kuna ya Darajani, ambayo haina haraka ila ina mizigo. Halafu hiyo ya Forodhani, na hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi, nitaeleza kwa nini. Mmezifunga zote kamba moja, ndiyo maana wewe na mume wako mnabishana na kila mmoja anaona ana haki. Kila mmoja anatazama safari yake.

Nianze na hilo la "mafuta tu", maana limewapoteza wengi kabla yenu. Chukua karatasi. Makunduchi mpaka mjini ni kilomita sitini na ushei. Kwenda, kurudi na kuzunguka kidogo, weka 130. Gari ndogo iliyotunzwa, kwenye barabara zetu na matuta yetu, lita moja huisukuma kilomita 12 hivi, kwa hiyo mnahitaji kama lita 11. Bei ya mafuta hutangazwa kila mwezi na ZURA, mamlaka inayodhibiti huduma za maji na nishati Zanzibar. Wewe weka ya mwezi huu, mimi nitatumia shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Hiyo ni 33,000. Bado hujamaliza. Oili, matairi, breki na bushi huliwa kidogo kidogo kwa kila kilomita, na kwa kuwa gari ni ya mtu, sehemu hiyo analipa shemeji bila kujijua. Ukiweka 10,000 hujamdhulumu mtu. Jumla 43,000, na maegesho hayamo.

Daladala je? Tuseme nauli ni 2,500 kwa kichwa. Mdogo hupakatwa, mnalipa viti vinne: 10,000 kwenda, 10,000 kurudi. Mkishuka mtataka bajaji, kwa sababu bi mkubwa na miguu ile hawezi kuvuka mji kwa kutembea. Ongeza 10,000 kwa siku nzima. Jumla 30,000.

Basi mume wako amekosea, daladala ndiyo nafuu. Lakini itazame tofauti yenyewe. Ungekuwa unakwenda peke yako, daladala ni 5,000 na gari ni ile ile 43,000, wala tusingekuwa na la kuzungumza. Kwa watu watano tofauti ni elfu kumi na tatu, bei ya sufuria moja ya wastani. Msiiachie sufuria iwaamulie namna ya kumsafirisha mgonjwa.

Hapo ndipo mume wako alipoona majirani wawili wataziba pengo. Nakuomba umwambie hapana, na kama anaona haya kuwarudisha watu, aseme mimi ndiye niliyekataa. Gari ina viti vitano na nyinyi ni watano. Wakiingia majirani, mtoto wa miaka 4 atakuwa mapajani mwako bila mkanda. Watu hudhani mama akimkumbatia mtoto vizuri atamshika. Gari ikienda kilomita 50 kwa saa ikagonga kitu na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 15 kwa muda ule mfupi anakuwa na nguvu ya kitu cha karibu kilo 200. Hakuna mikono ya kushika hiyo, hata ya baharia. Jambo la pili ni hiyo michango. Gari ya binafsi ikichukua watu kwa malipo imeshageuka gari ya abiria machoni mwa sheria, na bima ya binafsi kwa kawaida haimfuati abiria wa kulipa. Mkisimamishwa njiani mtaeleza. Mkipata ajali maelezo hayatasaidia.

Sasa nije kwako. Unasema daladala ni salama zaidi. Niliwahi kuwa utingo wa gari ya shamba, yaani daladala ya vijijini, kabla sijakwenda kusoma mambo ya usafiri, na miaka mingine nikafundisha udereva, kwa hiyo hili nimeliona kwa pande zote mbili. Dereva wa 310, daladala ya Makunduchi, anaijua njia hiyo kuliko kitanda chake. Anajua tuta liko wapi, ng'ombe wa nani hukatiza saa ngapi. Ukimlinganisha na mtu mwenye leseni ya mwaka mmoja, mchana, naelewa unachokisema. Lakini dereva huyo huyo ana jambo linalomsukuma ambalo abiria halioni, nalo linaitwa hesabu.

Hesabu ni hivi. Gari si yake, ni ya tajiri. Kila jioni tajiri anataka kiasi kilichokubaliwa, iwe gari imejaa au imekwenda tupu. Mafuta yanatoka kwenye makusanyo. Kinachobaki baada ya mafuta na hesabu ndicho chakula cha dereva na utingo wake. Ukilielewa hilo, kila kinachokukera kwenye daladala kinapata sababu. Kwa nini haiondoki mpaka ijae: kila kiti kitupu kinatoka kwenye mfuko wake, hakitoki kwa tajiri. Kwa nini inatambaa Makunduchi ikiokota watu mlangoni, halafu baada ya njia panda ya Kitogani inakimbia: mwanzo anatafuta vichwa, vikishapatikana anatafuta kuwahi zamu ya kurudi. Kwa nini bibi mwenye pakacha tatu za ndizi anasubiriwa dakika kumi na wewe unayegonga dirisha hujibiwi: pakacha nazo zinalipa.

Kutokana na hesabu hiyo hiyo unaweza kukisia gari itakaa kituoni muda gani bila kumuuliza mtu. Alfajiri, kutoka shamba kwenda mjini, watu wote wanakwenda upande mmoja, wafanyakazi, wachuuzi wa samaki na wagonjwa kama bi mkubwa. Gari inajaa upesi. Alasiri, kutoka mjini kurudi shamba, hali ni hiyo hiyo kwa upande wa pili. Saa nne mpaka saa nane mchana ndipo panapokuwa na usingizi; nimeshakaa kwenye kituo nikiita mpaka sauti ikakauka, gari ina watu sita na kuku. Na magharibi ikishaingia, hesabu inagoma kabisa. Dereva akikupeleka Makunduchi na gari nusu, atarudi mjini tupu au alale huko, na mafuta ameyachoma yeye. Kwa hiyo halaumiki akikwambia mwisho ni ile iliyoondoka.

Hapo ndipo Forodhani yenu inapopatana na ukuta. Huku kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro robo, mwaka mzima. Forodhani huanza kunoga saa hizo hizo, taa zinapowashwa, mafundi wa pizza wanapokunja unga na mashine za miwa zinapoanza kulia. Watoto wakimaliza urojo wao na mishikaki ni saa mbili usiku. Ukiwa umekuja na daladala, saa mbili usiku mna watoto wenye usingizi, mgonjwa wa sukari, rundo la sufuria, na hamna gari. Mtaishia kukodi, na hiyo elfu kumi na tatu itakuwa hadithi.

Na mkiwa na gari? Mtakuwa njiani saa tatu usiku na dereva wa mwaka mmoja. Watu wanaogopa foleni za mjini, lakini foleni inakwaruza bampa tu. Mimi kinachonitisha ni kipande cha kutoka Tunguu kwenda Kitogani usiku. Giza, baiskeli bila taa, mtu aliyevaa nguo nyeusi anatoka msikitini, gari la ng'ombe limepakia kuni, halafu anakuja mwenye taa kubwa usoni na asizipunguze. Macho yakishapigwa na taa yanahitaji sekunde kadhaa yarudi, na kwa kilomita 60 kwa saa kila sekunde moja umekwenda mita 16 na zaidi huku huoni kitu. Dereva mzoefu hupunguza kabla taa hazijamfika na hutazama ukingo wa kushoto wa barabara. Mgeni huziangalia zile taa. Nimewafundisha wengi, wote huziangalia, na kuacha ni mazoezi ya miezi.

Kuhusu pa kuiweka gari, hofu yako ni ya haki, lakini tatizo si kubwa kama mnavyodhani mkiacha kulitafuta mara tatu kwa siku moja. Mji Mkongwe ulijengwa kwa ajili ya miguu, punda na mikokoteni. Vichochoro vingi gari haipiti, na milango ya kuingilia kwa gari inahesabika. Upande wa Darajani pana ufinyu wa asili: zamani hapo palikuwa na mkono wa bahari ulioutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na daraja lililovuka ndilo lililopapa mahali jina. Maji yamefukiwa, barabara imepita juu yake, hiyo ambayo leo ni Barabara ya Benjamin Mkapa na wazee bado wanaiita Creek Road, lakini mji mzima bado unajibana kupita pale pale kama kwamba maji yapo. Mtu akizunguka na gari kutafuta nafasi karibu na duka analolitaka, atazunguka nusu saa, akipata atakuwa mbali kuliko alipoanzia.

Kanuni ninayowapa wanafunzi wangu ni kuegesha mara moja. Gari ishushe mgonjwa mlangoni, ikawekwe mahali pa wazi pa kulipia, lipa, chukua risiti, funga, isiguswe tena mpaka wakati wa kurudi. Michenzani pana nafasi kuliko Mji Mkongwe, na kutoka hapo Darajani mnafika kwa miguu. Ukiwa Darajani, Forodhani ni kama robo saa kwa mwendo wa mtoto, kwa kukata vichochoro, na safari hiyo watoto wataipenda kuliko gari. Bi mkubwa ndiye wa bajaji.

Sasa, mimi ningefanyaje? Ningetumia gari ya shemeji, nyinyi watano tu, kila mmoja na mkanda wake, na ningeirudisha shamba kabla ya giza. Sababu yangu ni bi mkubwa. Mtu mwenye miguu inayovimba akikaa saa mbili magoti yamekunjwa baina ya ndoo na gunia la mbatata, damu na maji hujikusanya chini na miguu huzidi. Kwenye gari yenu atakaa kiti cha mbele, kirudisheni nyuma anyooshe miguu, na mtasimama akitaka. Kitogani pazuri kwa hilo. Ateremke, atembee hatua hamsini, aende haja. Kwenye daladala hawezi kuomba hayo mbele za watu, na nakuhakikishia hataomba. Atakunywa maji kidogo ili asipate shida njiani, na mgonjwa wa sukari kukaa na kiu si jambo dogo.

Kwa saa mbili asubuhi tokeni mkishasali alfajiri, bila kungoja chai. Njia yenyewe ni kama saa moja na nusu kwa mwendo wa adabu, lakini kuanzia saa moja Mwanakwerekwe hukutana wote wanaotoka kusini, wa ofisini na wa sokoni, na dakika zenu zinaliwa pale. Jozani msikimbie; matuta yaliyopo yaliwekwa kwa ajili ya kima punju wanaovuka barabara, mnyama ambaye duniani kote hana kwao isipokuwa hapa Unguja, na asubuhi wanavuka kweli. Watoto watafurahi, dereva atulie.

Kuna njia nyingine ambayo naipenda zaidi kama mkwe wako hatajali: mume wako amchukue mama yake peke yao alfajiri kwa gari. Wewe na watoto mlale, mnywe chai, mshike daladala ya asubuhi isiyo na haraka, mkutane hospitali wakishamalizana na daktari. Kurudi wote gari moja. Inaongeza nauli ya watu wawili tu, inakuondolea watoto wa kuhangaika masaa matatu kwenye benchi la hospitali, na mume wako anaingia mjini bila watoto kupigana nyuma ya kichwa chake. Muulize utingo kabla ya kupanda gari inaishia wapi siku hizo, kwa sababu tangu stendi ya zamani ya Darajani ilipohamishwa wengi huteremshwa Kijangwani au Mwanakwerekwe wakabaki wanashangaa. Hapo ndipo bajaji moja.

Forodhani sasa. Mna hiari mbili za kweli. Mpite alasiri, watoto wacheze bustanini, watazame vijana wanavyojirusha baharini, wale watakachokikuta tayari, na saa kumi na moja kamili ufunguo uwe kwenye gari. Si Forodhani waliyoahidiwa, najua, wa miaka 9 atalalamika. Au mlale mjini kwa ndugu, Jang'ombe au Kikwajuni au popote mlipo na jamaa, mrudi Ijumaa asubuhi wakati barabara ya kwenda shamba ni tupu. Barua yako haikutaja ndugu wa mjini, lakini sijamuona bado Mmakunduchi asiye na mtu mjini.

Yapo mambo siwezi kuyajibu kwa maandishi. Kama mguu mmoja tu umevimba ghafla, unauma au umekuwa wa moto, au bi mkubwa anahema kwa shida akilala chali, msingoje Alhamisi wala msijadili usafiri. Hospitali ya Makunduchi ipo hapo hapo, mpelekeni leo. Kama yuko katika hali yake ya kawaida, mtu apite hospitali hiyo hiyo kabla ya siku aulize mawili: kama kwa kipimo cha damu asubuhi ile anatakiwa awe hajala chakula, na ikiwa ni hivyo, dawa yake ya sukari aitumie saa ngapi. Hilo msilikisie. Watu hupewa dawa nyumbani, wakafika foleni ya kliniki saa nne hawajatia kitu mdomoni, wakaanguka. Chukueni tende na maji kwenye mkoba hata kama hamtaki kuzitumia. Na waulizeni pia kama baadhi ya kliniki zake zinaweza kufanyika Makunduchi, mjini aende kwa yale yasiyowezekana huko.

Gari nayo ipelekwe kwa fundi siku mbili kabla, mbele ya macho ya mume wako. Tairi, pamoja na ya akiba, breki, taa zote, maji. Bima na leseni ya njia atazame tarehe kwa macho yake, asiridhike na "ziko sawa" ya shemeji. Barabara ile haikosi askari, na siku ya kliniki si siku ya kusimama kando ya njia mkimpigia shemeji simu. Halafu jioni ya Jumanne, saa kumi na mbili na nusu, aende na gari mpaka Kitogani na kurudi, wewe ukae pembeni yake. Kama akirudi mabega yamempanda masikioni na mikono ina jasho, utakuwa umejua la kumwambia kuhusu Forodhani ya usiku, na atakuwa ameshajua mwenyewe.